Je, Wajua? Misitu Nayo Inasomewa

Ukimtaja bwana miti, wengi humwona mtu anayewakimbiza wachoma mkaa. Kazi yake ni pana kuliko hapo.

Je, wajua kuwa Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kilianza mwaka 1937? Hutoa astashahada na stashahada, hivyo si lazima uanzie chuo kikuu.

Je, wajua kuwa shahada ya misitu ilianza kufundishwa Morogoro mwaka 1973, miaka 11 kabla ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kuwa chuo kikuu kamili?

Je, wajua kuwa anayependa mashine ana chuo chake? Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi, hufundisha upasuaji wa mbao na unoaji wa misumeno. Anayependa nyuki aende kwenye chuo cha ufugaji nyuki, Tabora.

Je, wajua kuwa kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua? Kwa kipimo hicho na urefu wa mti, bwana miti hukadiria ujazo wa gogo bila kugusa shoka.

Je, wajua kuwa wataalamu walizunguka Tanzania Bara wakipima miti katika maelfu ya viwanja vya sampuli? Ripoti yao ya mwaka 2015 ilionyesha hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya eneo la nchi kavu.

Je, wajua kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika uko Kilimanjaro? Ni mkukusu wenye mita 81.5, uliotangazwa mwaka 2016.

Je, wajua kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake? Kilwa, wanavijiji huuza mipingo yao wenyewe. Lakini kwanza miti ihesabiwe na mpango wa uvunaji uandikwe, na hapo ndipo bibi miti na bwana miti wanapohitajika.

Je, wajua kuwa Sao Hill, Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini? Kuna kazi ya kitalu, kupogoa, kupunguza miti, kuzuia moto na kuvuna.

Kijana, shika baiolojia, jiografia na hisabati. Mzazi, mwanao akitaka kusomea misitu, usimvunje moyo. Nchi yenye misitu mingi namna hii inahitaji watu wanaoijua.