Dynamo Walishindwa na Nani?

Shabiki anayeusoma msimamo wa Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika ya 2024 anaweza kudhani Dynamo ya Bujumbura, Burundi, ilikuwa timu dhaifu. Sivyo. Machi 2024, mjini Pretoria, iliifunga Cape Town Tigers huku wachezaji wake wameyaziba kwa utepe maneno ya mdhamini, "Visit Rwanda", kwenye jezi. Utepe ule ulipokataliwa, Dynamo haikucheza na FUS Rabat wala Petro de Luanda. Wapinzani wakapewa ushindi wa mezani, Warundi wakaondolewa.

Wapo watakaosema kanuni ni kanuni, na mdhamini alijulikana mapema. Ni kweli, ligi haiendeshwi kila timu ikijichagulia jezi. Lakini mpaka wa Burundi na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari, na vijana wale walibebeshwa ugomvi wa wakubwa. Hata James Naismith, aliyeubuni mchezo huu 1891, aliacha kuifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas 1907 akiwa na ushindi 55 na vipigo 60. Nani humkumbuka kwa vipigo hivyo? Uwezo wa Dynamo tuupime kwa mechi iliyochezwa, nayo waliishinda.