Achari yaweza kuharibika chupani bila kutoa harufu

MSIMU wa maembe unapoingia Pwani, maembe mabichi hukatwakatwa, hutiwa chumvi na manjano, kisha huanikwa juani kabla ya kushindiliwa chupani. Jomvu Kuu, mji wa kale wa Wajomvu kando ya mkono wa bahari, ni miongoni mwa sehemu za Mombasa ambako jua ni kali ila hewa imejaa unyevu. Vipande vikitiwa chupani vingali na majimaji, nguvu ya chumvi na siki hupungua, na kuvunda huanza.

Kifuniko kilichovimba, ute na harufu ya pombe ni dalili zisizohitaji mjadala. Povu lataka uangalifu zaidi. Achari changa iliyotiwa chumvi pekee huweza kutoa povu siku za mwanzo, na si ajabu. Iliyotulia kwa majuma kisha ikaanza kutokota upya ndiyo ya kutupwa. Kitunguu saumu kikigeuka kijani au buluu ndani ya siki hakina ubaya, ingawa wengi hukimwaga.

Jambo linalopuuzwa mno ni ukungu. Watu huuengua kwa kijiko wakaendelea kula. Ukungu hula asidi iliyomo, na asidi ikipungua, bakteria waliokuwa wamezuiwa hupata nafasi.

Miongoni mwao ni Clostridium botulinum, ambaye hustawi pasipo hewa na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Hawezi kukua penye pH ya 4.6 au chini yake, ndiyo maana achari ya ndimu au ya embe bichi iliyotiwa siki ya kutosha ina usalama zaidi. Hatari kubwa imo katika pilipili, karoti na vitunguu saumu vilivyozamishwa katika mafuta matupu. Mafuta hayahifadhi chakula. Huzuia hewa tu, na hilo ndilo analolitaka bakteria huyo.

Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni nchini Uganda walilazwa hospitalini kwa sumu hiyo, na mmoja akafa. Wote walikuwa wamekula kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, na wachunguzi walikitaja kuwa chanzo kilichoelekea zaidi.

Chupa zichemshwe dakika 10 na zikauke kabisa. Siki iwe ya asidi ya asilimia 5, isizimuliwe kwa maji, na kijiko kiwe kikavu kila mara. Mchanganyiko wa saumu na mafuta usipite siku nne, hata ukiwa ndani ya friji. Achari inayotiliwa shaka isionjwe.

Aliyeila akaanza kuona kitu kimoja kama viwili, kope zikamlegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, apelekwe hospitalini mara moja. Dawa ya kuzuia sumu hiyo hufaa zaidi ikitolewa mapema, kabla misuli ya kupumua haijalegea.