Kutembea si kuzurura: siku moja ndani ya Sutton Park



Wengi wetu tuliotupwa na riziki huku katikati ya Uingereza tunaijua Birmingham kwa arusi, misiba na maduka ya nyama ya halali. Jumamosi ikifika mtu analala hadi adhuhuri, akiamka analalamika kwamba mji huu hauna pa kwenda. Basi leo nataka nieleze pa kwenda. Ni mwendo wa kama dakika 25 kwa treni kutoka kituo cha New Street, mwenda kwa miguu halipi kiingilio, na hakuhitaji nguvu za kijana. Ni msitu, ni nyika, na ni historia ya miaka karibu 2,000, vyote pamoja.

Nianze na mjomba wangu, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike. Alikuja kututazama kutoka Tanga, mwezi wa Mei. Jioni moja nikamwambia, "Mjomba, kesho twende tukatembee." Akauliza, "Kwa nani?" Si unajua, kwetu mtu hutembea kwa mtu! Nikamjibu, "Si kwa mtu, mjomba. Tunatembea tu, porini." Akaniangalia kwa huruma. "Hapo si kutembea, mpwa wangu. Hapo ni kuzurura."

Nililicheka neno lile, lakini lilinikaa. Nitalirudia mwishoni.

Sutton Coldfield iko kaskazini mwa Birmingham. Zamani ilikuwa mji wa peke yake, ikaingizwa ndani ya Birmingham mwaka 1974, na wenyeji wengine mpaka leo ukiwaita watu wa Birmingham wananuna. Sutton Park iko ubavuni mwa mji. Msidhani ni bustani ya maua na mabenchi. Ni eneo la karibu hekta 970, lina misitu, vinamasi, mabwawa na uwanda wa vichaka vifupi, na tangu 1997 ni hifadhi ya taifa ya viumbe asilia.

Mkishuka kwenye treni msikimbilie porini. Pandeni kwanza kilimani hadi kanisa la Utatu Mtakatifu, ni hatua chache tu. Ndani yake kuna kaburi la Askofu John Vesey, na juu ya kaburi sanamu yake amelala chali. Huyu bwana alizaliwa hapahapa Sutton, akawa askofu wa Exeter na mtu wa karibu wa Mfalme Henry VIII. Mwaka 1528 aliupatia mji wake hati ya mfalme. Hati ile iliufanya Sutton mji wa kifalme, na msitu uliokuwa uwanja wa mabwana wakubwa kuwindia paa ukakabidhiwa wakazi wenyewe, walishe mifugo yao humo na hata wawinde. Shikeni hapo: tangu 1528 msitu huu ni wa watu, na ndiyo sababu upo. Misitu mingine mingi ya aina hii imekwisha kuwa mashamba na nyumba.

Kutoka kanisani teremkeni hadi lango linaloitwa Town Gate, mwendo wa dakika kumi hivi. Mkiingia, shikeni njia ya kwenda bwawa la Keepers, halafu la Blackroot. Mabwawa yote haya yamechimbwa na kuzuiwa na mikono ya watu. Yale ya kale, kama Wyndley, Keepers na Bracebridge, ni ya zama za kati, yalikuwa ya kufugia samaki, maana siku za kufunga nyama Wakristo wa wakati ule hawakula nyama. Ya baadaye, kama Powell's na Longmoor, ni ya karne ya 18, na maji yake yaliendesha vinu vya viwanda. Kwa hiyo ukisimama ukingoni ukatazama bata, kumbuka unatazama mtambo wa zamani!

Baada ya mabwawa geukeni magharibi, mtoke msituni muingie uwandani. Hapa ndipo panaponipendeza mie. Mwezi wa nane uwanda hugeuka zambarau kwa maua ya mimea mifupi inayofika gotini. Mwezi wa tano kinachotamba ni kichaka kikali cha miiba chenye maua ya manjano, na maua yale, wallahi, yananukia nazi. Mjomba alisimama ghafla akageuza kichwa huku na huku. "Nani anapika wali huku?" Nikamwonyesha kichaka. Alichuma ua moja akalitia mfukoni, na siku nzima akawa analitoa kulinusa.

Uwanda huu haujitunzi wenyewe. Ukiachwa, miti ya gome jeupe na ile ya majani ya miiba itaufunika. Ng'ombe na farasi wadogo wa jamii ya Exmoor ndio wanaoula na kuuweka wazi, kazi ileile ya mifugo ya wanakijiji wa zamani. Kwa maneno mengine, haki ya kulisha mifugo iliyotolewa na hati ndiyo iliyoihifadhi sura ya nchi.

Upande wa magharibi mtakuta barabara ya Warumi. Msitegemee mawe yaliyochongwa kama mnayoyaona kwenye sinema. Ni tuta refu la kokoto zilizoshindiliwa, limeota majani, limenyooka kama uzi. Kando yake mna mashimo madogo ambamo kokoto zilichimbwa. Ilijengwa katika karne ya kwanza, ikiunganisha ngome ya Metchley, inapoitwa Edgbaston leo, na kituo chao cha Letocetum, ambacho sasa ni kijiji cha Wall, karibu na Lichfield. Nje ya hifadhi barabara hii imelimwa au imejengewa, hata huioni. Ndani ya hifadhi inaonekana kwa zaidi ya kilomita mbili, kwa sababu ardhi hii haikupigwa jembe. Msitu umeihifadhi historia, na watu wameuhifadhi msitu.

Sehemu ya kati ya hifadhi pana nguzo ya jiwe inayotuhusu kuliko tunavyodhani. Agosti 1957 maskauti zaidi ya 30,000 kutoka pembe zote za dunia walipiga mahema hapa, kuadhimisha miaka 50 ya uskauti na miaka 100 tangu kuzaliwa mwasisi wao, Baden-Powell. Bwana huyo amezikwa wapi? Nyeri, Kenya, alikofia Januari 1941. Kwenye kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, ambayo ni alama ya njiani ya maskauti, maana yake "nimekwenda nyumbani". Mwingereza aliyekwenda nyumbani Nyeri, na sisi wa kule tunatafuta nyumbani Sutton... dunia hii!

Kurudi, piteni kusini kwa mabwawa ya Longmoor, Powell's na Wyndley, mtatokea tena Town Gate. Kwa mwendo wa kuzungumza, na kupumzika humo humo, wekeni saa tatu mpaka nne.

Sasa mambo ya kujiandaa:

1. Viatu. Hata kiangazi kuna matope karibu na mabwawa. Vaeni viatu vigumu, makubazi yabaki nyumbani.

2. Mbwa. Wenyeji huwafungua wakimbie, nao hupenda kumrukia mgeni. Mwenye kutaka kusali huko achukue chupa ya maji ya kujitahirishia.

3. Kupe. Vaeni suruali ndefu, na mkirudi mjikague miguu.

4. Ng'ombe na farasi. Watazameni kwa mbali, msiwalishe. Na msiwashe moto. Uwanda ukikauka huwaka kama makuti.

5. Saa. Mwezi wa Disemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hesabu yetu. Ondokeni asubuhi.

6. Chai ya tangawizi na vitumbua. Hili halihitaji maelezo.

Nirudi kwa mjomba. Tulipofika kwenye tuta la Warumi aliketi, akanywa chai, akakaa kimya. Kisha akasema, "Hii ndiyo wanayoitunza? Tuta?" Nikasema ndiyo. "Sisi tuna Tongoni." Mnaoijua Tanga mnapajua: msikiti wa kale na makaburi kama 40, na bahari inaula ufuko wake. Hapo karibu ndipo merikebu ya Vasco da Gama ilipopanda fungu mwaka 1498. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Njia aliyopita yeye na wenzake utotoni kwenda baharini kuvua, njia ya babu zao, siku hizi ina ukuta. Hakuna aliyeuliza ni njia ya nani, kwa sababu haikuandikwa popote. "Tuliipita tu," alisema.

Nilimweleza sheria ya huku. Uingereza, watu wakipita njia waziwazi kwa miaka 20 mfululizo, bila kuomba ruhusa na bila kuvunja ua, sheria huichukulia kwamba mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa athibitishe kwamba hakukusudia hivyo. Njia hizo huandikwa kwenye ramani rasmi za halmashauri. Uingereza na Wales pamoja zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma, nyingi zinakatiza mashamba ya watu binafsi. Yaani kupita kwenyewe ndio ushahidi. Mjomba alitikisa kichwa. "Basi sisi tulikuwa na ushahidi miaka mia."

Na lile neno kuzurura je? Nililichungulia nikastaajabu. Uzururaji kama kosa la jinai uliingia kwetu kwa sheria za mkoloni, na shina lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Mwingereza huyohuyo mwenye kutembea kwa raha nchini kwake alituachia sheria ya kumkamata mtu asiyeweza kueleza anakokwenda! Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika. Kwa hiyo mjomba aliponiambia tunazurura, hakuwa anatania tu. Alikuwa na hofu aliyorithi.

Ombi langu kwenu, hasa wasomi, ni dogo. Nendeni Sutton, mfurahi. Lakini mkienda likizo nyumbani, tembeeni pia kwenu, na wazee. Kaya Kinondo, karibu na Diani, wenyeji wanawatembeza wageni msituni mwao kwa taratibu zao, na msitu umesimama. Waulizeni wazee jina la kila njia, ilitoka wapi, ilikwenda wapi, nani aliipita, mkaandike kwa Kiswahili kwa tarehe na majina. Karatasi ya Sutton ilichukua askofu mmoja mwenye jamaa ikulu. Yetu itahitaji watu wengi wenye daftari.

Siku anaondoka, mjomba aliniambia uwanja wa ndege, "Mwakani ukija, tutatembea." Sikumuuliza kwa nani.

Naomba kuwasilisha.