Je, Wajua? Mita 50 za Kipepeo

Bwawa la Olimpiki lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita 2 hujaa lita milioni 2.5. Kwa mitungi ya lita 20 inayobebwa Soweto West, Kibera, hiyo ni mitungi 125,000. Bwawa la urefu huo liko Kasarani, humo humo jijini Nairobi.

Mnamo Julai 2014, Sarah Sjöström wa Uswidi alivuka mita 50 kwa mtindo wa kipepeo kwa sekunde 24.43, rekodi ya dunia. Si kazi ndogo: mikono yote miwili hurushwa mbele kwa pamoja, miguu hupiga kwa pamoja, na mwishoni viganja vyote viwili lazima viguse ukuta kwa wakati mmoja. Baada ya kuruka, muogeleaji anaweza kusonga chini ya maji, lakini kichwa kiwe kimetokeza kabla ya kupita mita 15.

Afrika imo. Farida Osman wa Misri alitwaa shaba ya mbio hizi kwenye Mashindano ya Dunia ya Budapest mwaka 2017, akairudia Gwangju 2019. Kwa wanaume, Mkenya Jason Dunford alinyakua dhahabu Delhi 2010, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Msichana wa Nairobi naye anastahili nafasi ya kushindana kama wao.

Olimpiki imekuwa na mita 100 za kipepeo kwa wanawake tangu 1956. Mita 50 zitaingia mara ya kwanza Los Angeles, 2028.