Je, Wajua? Zinia ya Eastlands Haihitaji Bustani Kubwa

Je, wajua kwamba ua la zinia liliwahi kuchanua angani? Januari 2016, mwanaanga Mmarekani Scott Kelly alionyesha ua la rangi ya machungwa lililofunguka ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Basi katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Umoja na Buruburu, haliwezi kushindwa!

Asili ya zinia ni Mexico. Jina lake linamkumbuka Johann Gottfried Zinn, daktari na mtaalamu wa mimea Mjerumani aliyefariki mwaka 1759.

Nairobi hakuna majira ya theluji, kwa hiyo mbegu hupandwa karibu mwezi wowote, ingawa baridi ya Julai huichelewesha. Tatizo la Eastlands ni udongo mweusi, unaonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Uchanganye na samadi iliyooza, au tumia mtungi mkuukuu wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini. Fukia mbegu nusu sentimita tu, palepale itakapokulia, maana haipendi kung'olewa. Huchomoza ndani ya wiki moja, na miezi miwili hivi baadaye huchanua. Mwagilia shinani, maana majani yakilala na maji hushikwa na ukungu.

Ua likikauka, vuta petali moja. Chini yake utaona mbegu bapa, imechongoka kama ncha ya mshale. Usiitupe: ikaushe, uifunge kwenye karatasi, umgawie jirani.