Moto wa milimani: Kwa nini misitu ya Mfangano imo hatarini kuliko zamani

KISIWA cha Mfangano kimezungukwa na maji ya Ziwa Victoria pande zote. Hata hivyo, moto unapozuka milimani wakati wa kiangazi, maji hayo hayamfai mtu kwa lolote.

Kilele cha kisiwa hicho, Kwitutu, kiko mita 1,694 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 500 juu ya ziwa lenyewe. Gari la zimamoto haliwezi kupanda magenge hayo, wala mtu hawezi kuuzima moto wa nyasi kwa ndoo aliyoibeba kichwani kutoka ufuoni.

Ndiyo maana wakazi wa Mfangano, pamoja na majirani wao wa bara katika kaunti za Homa Bay na Migori, wana sababu ya kuelewa jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyougeuza moto ambao wazee wao waliuzoea. Kinachohatarishwa ni mabaki ya misitu ya kiasili yaliyosalia juu ya milima, ambayo yakiteketea huenda yasirudi tena.

Nani huwasha moto?

Mabadiliko ya tabianchi hayawashi kiberiti. Radi huweza kuanzisha moto, lakini katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki chanzo ni binadamu. Yupo mfugaji anayechoma nyasi kuukuu ili mifugo ipate machipukizi, mkulima anayesafisha shamba kabla ya mvua, mchoma makaa, na mrina asali anayewafukuza nyuki kwa moshi.

Desturi hii ni ya kale. Mara nyingi moto ulichoma nyasi, ukafika ukingoni mwa msitu, ukafa. Chini ya miti ya kiasili kivuli ni kizito, upepo ni hafifu, na majani yaliyoanguka huwa na unyevu. Msitu ulijilinda wenyewe.

Kinga hiyo ndiyo inayodhoofika sasa.

Hewa yenye kiu

Joto linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa hupata uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Pasipokuwa na mvuke wa kutosha, hewa hiyo huufyonza unyevu kutoka kwa udongo, nyasi na majani. Siku chache za jua kali hutosha kuyakausha majani ambayo zamani yangekaa mabichi kwa wiki kadhaa.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilieleza katika ripoti yake ya 2021 kuwa katika mwongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka wa 2024 ulivunja rekodi zote za awali za joto.

Jambo la pili ni kuyumba kwa mvua. Mwishoni mwa 2019 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limefurika na kuwahamisha watu wengi waliokaa ufuoni. Baadaye, kati ya 2020 na mapema 2023, misimu 5 mfululizo ya mvua ilikosekana katika maeneo kame ya Kenya, ingawa kanda ya ziwa haikuumia kwa kiasi hicho. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zikaleta mafuriko, na mafuriko yakarejea katika masika ya 2024.

Mtu anaweza kudhani kwamba mvua nyingi ni dawa ya moto. Ukweli ni kwamba mvua nyingi huotesha nyasi ndefu na nzito. Kiangazi kikali kikifuata, nyasi hizo hugeuka kuni zilizotandazwa mlima mzima, zikisubiri cheche moja tu.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilionya mwaka wa 2022 kuwa mioto mikubwa kupita kiasi inaweza kuongezeka duniani kwa asilimia 14 kufikia 2030 na asilimia 30 kufikia 2050.

Funzo la Kilimanjaro

Jinsi moto unavyoweza kuubadilisha mlima imeonekana nchini Tanzania. Mtafiti Andreas Hemp, ambaye ameuchunguza Mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi, alionyesha kuwa moto umeteketeza misitu ya sehemu za juu, ambayo hunasa ukungu na kuugeuza maji. Kwa mujibu wa utafiti wake, upotevu wa maji unaotokana na kuungua kwa miti hiyo ni mkubwa kuliko athari ya kuyeyuka kwa barafu ambayo husemwa sana. Mlima huo uliungua tena Oktoba 2020 na Oktoba 2022.

Mfangano si Kilimanjaro, wala haina barafu. Lakini miti ya kileleni hufanya kazi inayofanana: huupunguzia mvua kishindo, maji yakanywea ardhini polepole na kulisha chemchemi za chini. Miti ikitoweka, maji hayo huteremka kwa kasi yakiubeba udongo hadi ziwani. Tope hilo huishia kwenye maji ya kina kifupi ambako samaki wengi huzalia. Kwa njia hiyo, moto wa kileleni humfikia hata mvuvi ambaye hajawahi kupanda mlima.

Kwa nini msitu haurudi

Miti ya nyika, kama vile migunga, imezoea moto. Mingi ina magome manene, na huchipua upya baada ya kuungua. Miti ya msituni haina ngao hiyo. Gome lake ni jembamba na miche yake hufa kwa moto mmoja tu. Pengo linalobaki huvamiwa na nyasi, nazo nyasi huleta moto mwingine kiangazi kinachofuata. Hivyo ukingo wa msitu husogea nyuma hatua kwa hatua.

Msitu mkubwa wa bara unaweza kupokea mbegu kutoka msitu jirani. Kisiwani, mbegu hizo sharti ziletwe na ndege au popo kupitia juu ya maji. Msitu ukiwa mdogo na uko peke yake, kuungua mara kadhaa kwaweza kuwa mwisho wake.

Moto si adui daima

Haifai kuhitimisha kwamba kila moto ni mbaya. Ng'ambo ya maji, katika Bonde la Lambwe, Mbuga ya Ruma yenye eneo la kilomita 120 za mraba ni makao pekee nchini Kenya ya swara aina ya korongo. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilipata korongo 15 pekee. Wanyama hawa ni wa nyika yenye nyasi, na moto mdogo unaowashwa kwa mpango, nyasi zingali na unyevu, huwapa malisho mapya na kupunguza kuni za moto mkubwa. Moto wa ghafla mwishoni mwa kiangazi huwanyima vyote viwili, malisho na maficho.

La kufanya

Sheria ya Misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila idhini, na pia inaruhusu jamii kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga ni jukumu la kaunti. Kwa kisiwa chenye milima, huduma hiyo haina budi kuwa na vijana waliofunzwa, wenye mapanga na matawi mabichi, pamoja na njia pana zilizofyekwa kuuzingira msitu kabla ya kiangazi.

Majiko yanayotumia kuni chache kukaushia samaki yatapunguza ukataji miti. Na pale ambapo msitu umeungua, kuzuia mifugo na moto kwa miaka kadhaa huenda kukafaa kuliko kupanda mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi.

Wasuba wa Mfangano wana michoro ya kale kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, ambayo simulizi za wenyeji huihusisha na matambiko ya mvua. Wazee walijua kwamba mlima na mvua havitengani. Kizazi cha sasa kina kazi ya kuhakikisha kwamba mvua ikija, itaukuta mlima ungali na miti ya kuipokea.