Watoto safarini angani: mzigo mwepesi ni ulimi

Wahenga wetu waliponena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walinena kwa lugha ya wanamaji, kwani safari za zama zao zilikuwa za tanga. Jahazi liling'oa nanga Maskati au Sur kwa upepo wa kaskazi, likashuka mwambao hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha likangoja kusi ili lirejee. Siku za baharini zilihesabiwa kwa majuma, wala si kwa saa. Na humo jahazini, baina ya magunia ya tende na mapipa ya maji, walikuwamo pia akina mama na watoto.

Je, watoto wale walishughulishwa na nini, nduzangu? Palikuwa na kamba za kufunga na kufungua, palikuwa na mshipi wa kuvulia, na zaidi ya yote palikuwa na vinywa vya watu wazima. Hekaya ya Abunuwasi ilianzwa baada ya magharibi, ikakatizwa pale penye utamu, ikaendelezwa usiku wa pili.

Leo wana wetu wametawanyika. Wako Dubai na Maskati, wako London na Leicester, wako Toronto na Minneapolis, na wajukuu wetu wanazaliwa huko huko. Marejeo yao ya ngamani ni kwa ndege. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, shirika letu la Kenya Airways lilipoanza kuruka moja kwa moja baina ya Nairobi na New York, mtu aweza kutoka bara moja hadi jingine bila ya kukanyaga chini popote. Safari hiyo huchukua kiasi cha saa 15 kwa kwenda na saa 14 kwa kurudi. Kwa mtu mzima ni usingizi mmoja na milo miwili. Kwa mtoto wa miaka minne ni umri mzima.

SAA 14 NA WATOTO WAWILI

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilijaliwa kurudi kutoka New York pamoja na binti yangu na wanawe wawili, msichana wa miaka saba na nduguye wa kiume wa miaka minne. Wote wawili wamezaliwa huko. Kiswahili cha mama yao wanakisikia vyema, lakini ukiwauliza kwa Kiswahili watakujibu kwa Kiingereza. Na huku nyumbani, Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa akiwangoja mamangu mzazi, bi kizee aliyepita miaka themanini, ambaye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Hakuwa amewaona wajukuu hao wa mwanawe ila katika simu.

Hapo ndipo nilipokuwa na shughuli mbili. Ya kwanza ni ile ya kila msafiri mwenye watoto: wasilie, wasipige mateke kiti cha mtu wa mbele, wala wasiwanyime watu usingizi. Ya pili ilikuwa yangu peke yangu: wafike kwa bibi yao wakiwa na neno la kumwambia. Nikapima nikaona shughuli hizo mbili dawa yake ni moja. Watoto wamefungwa mishipi, hawana pa kukimbilia, na mimi nimeketi baina yao. Chuoni nilikosomea, mwalimu wetu hakuwa na kitabu cha picha wala sanduku la vichezeo. Alikuwa na sauti yake, nasi tukaifuata mpaka yale maneno yakakaa wenyewe vifuani mwetu. Nami nikasema nitajaribu njia hiyo hiyo.

Katika mfuko wangu wa mkononi nilitia leso moja ya nyanya yao, uzi mnene urefu wa pima moja, karatasi na kalamu za rangi, na kikopo cha tende na visheti. Vyote pamoja havikufika kilo mbili.

LESO NA UZI

Akina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa kazi za leso, lakini sisi wanaume twasahau. Kwa saa moja na nusu leso ile ilikuwa hema la watu wawili, ikawa tanga la jahazi, ikafungwa fundo ikawa mwanasesere, kisha ikawa blangeti. Baadaye nikaitandaza magotini mwetu nikawaonyesha sehemu zake tatu: huu unaozunguka ni pindo, huku katikati ni mji, na haya maandishi ni jina. Jina la leso ile lilikuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkubwa akalisoma herufi kwa herufi. Mdogo, ambaye hajui kusoma, akapewa kazi ya kutafuta kila "M" iliyojificha humo. Kisha ikabidi niwaeleze mwenyeji anaponaje kwa kuja mgeni, na ni nani mgeni, na ni nani mwenyeji anayengojea. Maneno hayo yalituchukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Uzi nao niliufunga ncha kwa ncha, tukatengeneza vidoleni wavu wa mvuvi, kisha ngazi, kisha kikombe. Mkono ukiwa na kazi, mguu husahau kupiga mateke.

KITENDAWILI! TEGA!

Lakini aliyeibeba safari ni kitendawili. Sikuanza na vile vya kale, maana mtoto aliyelelewa ghorofani hajui mbuyu wala kata ya maji. Nilitunga papo hapo kwa yale aliyoyaona mbele yake. Tuling'oka New York adhuhuri, kwa hiyo kulikuwa na nuru nje ya dirisha.

"Kitendawili!" Nikawafundisha kujibu, "Tega!" Nikasema, "Shamba langu la pamba halina mkulima." Wakatazama chini, wakaona mawingu. Nikatega tena, "Natembea mbio lakini mwaniona nimesimama." Hicho kikawashinda, maana ndege ikisha kupaa humwonyesha mtu kana kwamba imetua hewani.

Na hapa ndipo penye siri ya mchezo wetu. Anayeshindwa hukaripiwi wala hapunguziwi alama, bali huombwa mji. "Nipe mji!" Naye akitoa mji, mtegaji hujidai kwenda huko, akaeleza aliyoyaona na aliyoyala, ndipo atoe jibu. Katika kioo kilichokuwa nyuma ya kiti cha mbele palikuwa na ramani, na kindege kidogo kikitambaa juu ya bahari. Usiku uliingia upesi, kwa kuwa tulikuwa tukienda mashariki, jua likituacha nyuma. Mjukuu wangu mkubwa akaiangalia ramani ile, akaona jina la mwisho wa bahari, akasema, "Nakupa Lisbon."

Nikapokea Lisbon kwa mikono miwili. Nikawaambia nimefika Lisbon mwaka 1497, mwezi wa Julai, nimemkuta Vasco da Gama akipakia merikebu zake. Nimempeleka mpaka Mombasa, akafika Aprili ya mwaka 1498, miezi tisa tangu aondoke kwao. Mombasa haikumkunjulia uso, akaenda zake Malindi. Kisha Wareno wakarudi kwa nguvu, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga ngome ambayo watoto hawa wangeiona kwa macho yao kesho yake, na mwaka 1698 Waarabu wa Oman wakawatoa humo baada ya kuwazingira karibu miaka mitatu. Miezi tisa baharini! Mdogo akauliza kama merikebuni mlikuwa na sinema. Nikamwambia hapana, mlikuwa na panya.

Tokea hapo ikawa ni wao wanaogombania kushindwa, ili watoe mji. Nikapewa Madrid, nikapewa Tripoli, na kila mji nikaupa hadithi kwa kadiri ya nilivyojaliwa kujua. Nao walipotaka kunitega mimi, iliwabidi wategee kwa Kiswahili, maana kitendawili kwa lugha nyingine nilikataa kukisikia. Binti yangu alikuwa amelala fofofo. Alipozinduka aliwasikia wanawe wakibishana kwa Kiswahili kibovu, kila mmoja akidai zamu yake.

MASIKIO, MAJI NA USINGIZI

Yako pia mambo ya mwili, ambayo mzazi akiyajua atajiepusha na vilio vingi. Ndege kubwa huruka kwenye kimo cha mita 10,000 na zaidi, lakini ndani yake hewa hushindiliwa hata ikawa sawa na ya mtu aliye kwenye kimo cha baina ya mita 1,800 na 2,400. Yaani mtoto wa Mombasa huko juu ni kama aliyepelekwa Limuru. Ndege ikianza kushuka hewa hiyo hubadilika, na mrija mdogo uungao sikio na koo, ambao kwa mtoto ni mwembamba, huziba. Ndipo asikiapo maumivu akalia. Dawa yake ni kumeza. Mchanga apewe ziwa au chupa wakati wa kushuka, mkubwa apewe kitu cha kutafuna. Tende ilitufaa sana hapo.

Hewa ya ndani ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, kwa hiyo mtoto anyweshwe maji mara kwa mara hata kama hakuomba. Mwenye mtoto mchanga aombe mapema kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani, maana ni vichache. Na ingawa tangu mwaka 2006 viwanja vingi hukataza kuingia na vinywaji vya zaidi ya mililita 100, maziwa ya mtoto huruhusiwa kwa kadiri ya safari, mradi uwaonyeshe wakaguzi.

Wako wazazi wanaompa mtoto dawa ya mafua ili alale. Madaktari huionya tabia hiyo, kwani dawa hizo zaweza kumdhuru pumzi, na watoto wengine huwafanya kinyume chake, wakachangamka usiku kucha. Afadhali umtembeze ujiani kila baada ya muda, umhesabishe viti, umrudishe akiwa amechoka.

Ama sinema, sikuwakataza. Baada ya chakula waliangalia moja, nami nikapata kusali na kunyoosha mgongo. Lakini yafaa tujue kwamba mwezi wa Aprili mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa baina ya miaka miwili na minne isizidi saa moja kwa siku. Na mtoto akiwa ameketi tu, mwongozo huo wapendekeza asomewe na asimuliwe hadithi na yule anayemlea. Waama, ushauri ambao mabingwa wameuandika Geneva, nyanya zetu walikuwa wakiutekeleza barazani bila ya kuulizwa.

MBELE YA BI MKUBWA

Saa za mwisho, kabla ya kuteremka, niliwatungia ubeti mmoja mwepesi, wakaufuata kwa sauti ya chini kama tulivyofanya chuoni:

Tumetoka Marekani
Tumepita mawinguni
Tumefika kwetu pwani
Bibi twakuamkia.

Mistari minne tu, mizani minane kila mstari. Mdogo alikuwa akikwama kwenye "twakuamkia", kwa hiyo tukairudia mpaka tulipounganisha ndege nyingine Nairobi, na tukairudia tena juu ya Voi.

Walipoingia ukumbini walimbusu mkono bi mkubwa na kumsomea ubeti wao. Akaitika marahaba. Kisha akawatazama kwa muda, akajiweka sawa kitini, akasema, "Kitendawili!" Mdogo akaruka kabla ya dada yake, "Tega!" Akawatega cha kale kabisa, nyumba yangu haina mlango, na cha yai hawakukijua. "Haya, nipeni mji," akasema. Yule mdogo akampa Lisbon. Mamangu akauliza Lisbon ndiko wapi huko, na msichana wa miaka saba akaketi chini mkekani, akaanza kumweleza bibi yake habari ya merikebu na ngome, kwa Kiswahili cha kujikwaa, huku bi mkubwa akimsaidia neno kila alipokwama. Mimi sikutia mkono. Nilikwenda kutafuta chai.

Najua si kila mtoto atasafiri na babu yake ubavuni. Aghalabu ni mama peke yake, na mikono yake miwili tu. Basi ninyi mlio huku nyumbani mwaweza kumsaidia kabla hajapanda ndege. Simu ile ile tunayoilaumu yaweza kubeba sauti. Bibi na aketi jioni moja, arekodi vitendawili kumi na hadithi mbili, aseme polepole, aache nafasi ya mtoto kuitikia "Tega!", kisha amtumie binti yake aihifadhi. Huko juu haihitaji mtandao. Mtoto atavaa visikizio vyake kama wenziwe, na atakayekuwa akisema naye ni bibi yake. Likizo ya Desemba haiko mbali, nduzangu. Anzeni sasa.